Mzazi Akizeeka Aishi Wapi: Mwongozo wa Kuchagua Makazi Hatua kwa Hatua

Familia nyingi huamua makazi ya mzazi wao katika wakati mbaya kuliko nyakati zote. Mzee ameanguka bafuni, au mwenzake amefariki dunia na watoto wamekusanyika msibani, na kwa kuwa kila mmoja anatakiwa kazini Jumatatu, kikao kinafanyika usiku wa kuamkia safari na uamuzi unatolewa kabla ya basi la alfajiri. Uamuzi wa namna hiyo humfuata mwenye nyumba kubwa au mwenye sauti kubwa, na mzee husikia habari zake mwenyewe akiwa amekwisha kufungiwa mizigo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtoto, mjukuu au mpwa aliyekabidhiwa jukumu hilo, au aliyejikuta amelibeba bila kukabidhiwa. Umeegemea Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, na baadhi ya yaliyomo nimejifunza kwa mama yetu mzazi baada ya kukosea.

Ikiwa mko msibani hivi sasa, pangeni jambo moja tu: nani atakaa na mzee kwa siku arobaini zijazo. Mengine yote yasubiri.

Hatua ya kwanza: muulizeni mwenyewe, na mjue namna ya kuuliza

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inataja haki ya mzee ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa dola. Kushiriki huko huanzia nyumbani kwake. Mtu aliyelea watoto sita hapotezi neno lake juu ya mahali atakapolala kwa sababu tu magoti yamechoka.

Ugumu ni kwamba wazee wetu, hasa kina mama, wamelelewa katika adabu ya kutotaka kuwa mzigo kwa mtu. Ukimuuliza mbele ya watoto wote, "Mama, ungependa kukaa wapi?", atajibu, "Mtakavyoona ninyi wanangu." Jibu hilo ni la adabu, na kulichukua kuwa ni ridhaa ni kosa la kwanza ambalo familia nyingi hufanya. Muulizeni faragha, mkiwa katika kazi ndogo ya pamoja kama kuchambua mchele, au mkirudi na baba kutoka msikitini au kanisani, na msimtwishe swali kubwa la mahali. Ulizeni yale madogo yanayolijenga swali hilo. Siku akishindwa kuoga mwenyewe, angependa aogeshwe na nani, na ni nani ambaye asingependa kabisa amwone katika hali hiyo? Ni jirani gani ambaye asipomwona siku mbili atakuja kugonga? Je, anataka kuwa karibu na kaburi la mwenzake? Usiku anaogopa nini?

Mara nyingi anayepata majibu ya kweli ni mjukuu, kwa sababu ya utani uliopo kati yao. Dada yangu mkubwa aliambiwa "sijambo, mwanangu" kwa mwaka mzima. Mjukuu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeambiwa na bibi yake kwamba kufa hakuogopi, anachoogopa ni kuanguka uani usiku na kukutwa asubuhi na watu wa nje akiwa hajajisitiri. Sentensi hiyo moja ilitufaa kuliko vikao vyetu vyote vya simu.

Mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka aulizwe pia. Mchagulie saa ya asubuhi akiwa ametulia, muulizeni jambo moja kwa wakati mmoja, na mlinganishe majibu yake na yale aliyokuwa akiyasema alipokuwa na afya njema.

Hatua ya pili: andikeni siku yake nzima, pamoja na usiku wake

Kabla ya kutazama nyumba yoyote, mtu mmoja akae na mzee kwa siku mbili au tatu na kuandika kila afanyacho, tangu anapoamka hadi anapoamka tena. Andikeni mambo ya mwili kwanza: kuinuka kitandani, kwenda chooni, kuzuia haja, kuoga, kuvaa, kula. Kisha andikeni mambo ya nyumba: kupika, kuchota maji, kwenda dukani, kutumia pesa za simu, kunywa dawa kwa wakati wake. Mbele ya kila jambo andikeni kama analifanya mwenyewe, analifanya akisaidiwa, au halifanyi tena. Mtu anayeshindwa mambo ya nyumba pekee anahitaji msaada wa saa chache kwa siku, na hilo linawezekana karibu popote. Mtu anayeshindwa mambo ya mwili anahitaji mtu aliye karibu usiku na mchana, na hapo machaguo hupungua haraka.

Usiku ndio unaosahaulika. Sisi tulimtembelea mama kila sikukuu, tukala, tukacheka, tukalala fofofo, na hatukuwahi kuuliza anafikaje chooni. Siku niliyokaa kuandika, niliona kwenye ukuta wa chokaa, kimo cha bega lake, mstari mweusi unaong'aa kwa mafuta ya nazi, ulioanzia kichwani pa kitanda, ukapita ukumbini na kuishia kwenye mlango wa uani. Ulikuwa mkono wake, usiku baada ya usiku, akipapasa gizani. Mahali pawili mstari ulikatika: pale penye kabati na pale penye mlango. Pale pawili ndipo alipokuwa akitembea bila kushika kitu, na baadaye alikiri kwamba penye mlango amekwisha kujikwaa mara tatu. Kwa hiyo hesabuni hatua za kutoka kitandani hadi chooni, hesabuni vizingiti na ngazi, angalieni anashika nini, na jaribuni njia hiyo wenyewe usiku umeme ukiwa umekatika.

Andikeni pia nani anapiga hodi. Muuza maziwa, jirani wa kuazima chumvi, wanawake wa kikundi, shehe, katekista, mtoto anayetumwa dukani: hao wote ni sehemu ya makazi yake, na hakuna hata mmoja atakayehama pamoja naye.

Hatua ya tatu: tibuni kwanza kinachotibika

Wapo wazee waliohamishwa kwa ugonjwa ambao ungetibiwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee aliyedhaniwa kuwa hawezi tena kuishi peke yake huanza kutembea vizuri kwa sababu anaona. Nta iliyoziba sikio humfanya mtu aonekane amepoteza fahamu za mambo. Dawa za presha zikizidi, au zikichanganywa na za usingizi, huleta kizunguzungu na kuanguka. Kuchanganyikiwa kunakotokea ghafla, kwa siku moja au mbili, hakuna uhusiano na uzee wa kawaida: huenda ni maambukizi, upungufu wa maji au sukari kushuka, na mzee huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mpelekeni akaonwe macho, masikio, presha, sukari na dawa zote anazokunywa zikiwa kwenye mfuko mmoja, kisha ndipo mrudie karatasi yenu.

Hatua ya nne: pimeni kila njia kwa siku ile mliyoiandika

Njia ya kwanza ni kubaki kwake na kurekebisha nyumba, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kushindwa kwa hoja kabla ya nyingine kufikiriwa. Fundi wa siku chache anaweza kufanya mengi. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti kilichotobolewa katikati, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza, chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50 ili miguu ikanyage chini na magoti yasipindwe kupita kiasi. Bomba la kushikia lifungwe kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali, kwa kuwa lililofungwa kwenye plasta litang'oka siku ile ile litakapohitajika. Vigae vinavyong'aa bafuni ni hatari vikilowa, basi vikwaruzwe au viwekewe mkeka wa mpira unaonata chini. Vizingiti viondolewe. Ngazi za mlangoni zibadilishwe kuwa mteremko, na mteremko huo uwe mrefu: kwa kila sentimita moja ya kimo ziwekwe sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi mbili zenye jumla ya sentimita 30 zinahitaji mteremko wa mita 3.6. Mlango upitishe kiti cha magurudumu kwa nafasi isiyopungua sentimita 80. Kwa usiku, taa ndogo ya sola iachwe ikiwaka njiani, na kwa mzee ambaye hata hatua kumi ni nyingi, ndoo yenye mfuniko chini ya kiti kilichotobolewa, kando ya kitanda, haimvunjii heshima mtu yeyote.

Kubaki kwake kunadai pia mtu. Kama mnamwajiri msaidizi, mpeni mkataba wa maandishi, mshahara unaolipwa kwa wakati na siku ya mapumziko, kwa maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inamhusu yeye kama inavyomhusu mfanyakazi wa ofisini, na kwa sababu msaidizi aliyechoka na asiyelipwa ndiye anayemwacha mzee na mkojo hadi saa nne asubuhi. Mwambieni mjumbe wa mtaa na majirani wawili, mpeane namba za simu, na mmoja wao apewe ufunguo.

Kuna jambo moja zito ambalo lazima liulizwe waziwazi kabla ya kumwacha mwanamke mzee aishi peke yake. Katika mikoa ya kanda ya ziwa na magharibi mwa Tanzania, Shinyanga, Mwanza na Tabora ikiwemo, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yaliyotokana na miaka ya moshi wa kuni yamechukuliwa kuwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna mgogoro wa shamba au urithi. Mkisikia minong'ono, au kama kuna ndugu anayeitamani ardhi yake, msingoje. Zungumzeni na serikali ya kijiji na polisi, na mtoeni pale haraka hata kama hamjapata makazi ya kudumu.

Njia ya pili ni kumhamishia kwa mtoto. Ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo niliyoona ikiharibika zaidi, kwa sababu familia huuliza nani ana nafasi badala ya kuuliza siku ya nyumba hiyo ikoje. Sisi tulimchukua mama kutoka Muheza, mkoani Tanga, tukampeleka Dar es Salaam kwa kaka yetu, ghorofa ya tatu, nyumba nzuri yenye maji na umeme. Kaka na mkewe waliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa ajili ya foleni na kurudi saa mbili usiku, watoto walikuwa shule, na mama alibaki na televisheni na funguo ambazo hakuzitumia kwa kuwa ngazi zilimtisha. Alizoea kufagia uwanja kila asubuhi. Mke wa kaka alituambia kwamba alikuwa akimkuta amefagia kibaraza kile cha mita mbili mara tatu kwa siku. Baada ya wiki saba alikuwa amepungua mwili, na hakuna aliyemkosea kwa lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kumhamishia kwa mtoto, jibuni haya. Nani yupo nyumbani mchana, kwa majina na saa? Chumba chake kiko chini au juu, na choo kiko hatua ngapi? Ni chumba chake kweli, au ni sebule ambayo lazima aamke watu wakija? Mkwe ameulizwa peke yake, au amearifiwa tu? Mkwe wa kike ndiye mara nyingi atakayefua na kuogesha, na kumpa kazi hiyo bila kumuuliza ni dhuluma kwake na hatari kwa mzee. Halafu kuna desturi ya kumzungusha mzee, miezi mitatu kwa huyu na miezi mitatu kwa yule, ili watoto wagawane thawabu na gharama. Kwa mzee mwenye akili timamu na miguu mizima inaweza kuwa furaha. Kwa anayesahau ni mateso, kwa sababu kila nyumba mpya ni choo kipya cha kutafutwa gizani.

Njia ya tatu iko katikati ya hizo mbili, na ndiyo ninayoipenda: mlango wake mwenyewe karibu na mlango wa mtoto. Inaweza kuwa chumba na choo kilichojengwa uani, au vyumba viwili vya kupanga mtaa ule ule. Nyumba ya Kiswahili ya pwani, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, inafaa sana kwa jambo hili ikirekebishwa, kwa kuwa mzee hukaa chumba cha mbele karibu na baraza, anaona wapitao, na wapangaji wa vyumba vingine huwa ndio wanaosikia akiita. Kasoro yake kubwa ni choo kilicho mwisho wa uani, kwa hiyo choo cha ndani kijengwe kwanza kabla ya kupaka rangi yoyote. Mzee mwenye nyumba ya namna hii anaweza pia kupangisha vyumba vilivyobaki na kodi ikamlipa msaidizi wake. Mkimpangia nyumba, mkataba usainiwe na mtoto anayelipa, uwe wa mwaka mmoja au zaidi, na useme kwamba mabomba ya kushikia na mteremko vinaruhusiwa kuwekwa.

Njia ya nne ni kurudi kijijini baada ya kustaafu, ambako mtumishi wa umma wa Tanzania hufikishwa kwa lazima akiwa na miaka 60. Anayerudi akiwa na nguvu hujenga kwa ajili ya mtu wa miaka 60, na hali nyumba hiyo ataihitaji zaidi akiwa na miaka 80. Jengeni chini, bila ngazi, choo ndani. Pimeni safari ya hospitali kwa wakati wa mvua, kwa kuwa barabara ya Agosti haifanani na ya Aprili, na ulizeni kama dawa zake za kila mwezi zinapatikana zahanati au ni mpaka wilayani. Ulizeni pia kama rafiki zake wa ujana bado wapo, maana wengine hurudi kwenye kijiji kilichobaki na makaburi ya waliowajua.

Walio Oman, Uingereza au Marekani hufikiria pia kumchukua mzazi huko. Taratibu za kuingia ni ngumu, na Uingereza ilizibana zaidi mwaka 2012 kwa wazazi wanaotegemea watoto wao, lakini hata pale zinapowezekana, pimeni siku yake kwa kipimo kile kile: atazungumza na nani kwa lugha yake kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Njia ya tano ni makao ya wazee, na hapa aibu huwazuia watu kufikiri. Sera ya mwaka 2003 yenyewe inaiweka familia kuwa msingi wa matunzo na makao kuwa hatua ya mwisho. Makazi ya Serikali yaliyopo Tanzania Bara, kama Nunge Kigamboni, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga, Fungafunga Morogoro na Bukumbi Mwanza, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na mtu haendi kugonga lango lao moja kwa moja. Huanza ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayechunguza na kupendekeza. Zanzibar kuna nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kisiwani Unguja. Kenya yapo makao ya mashirika ya dini, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani jijini Nairobi inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki na makao ya Thogoto ya kanisa la Kipresbiteri la PCEA, na pia yapo ya binafsi yanayolipiwa kwa mwezi.

Familia yenye mzee anayehitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, na isiyo na mtu wa kufanya hivyo, haimkosei kwa kumpeleka mahali penye watu wanaojua kazi hiyo. Inamkosea ikimpeleka bila kupakagua. Nendeni mara mbili, mara ya pili bila kuaga, jioni watu wanapolishwa. Vuteni pumzi mlangoni, kwa kuwa harufu ya mkojo wa siku nyingi husema ukweli kuliko mwenyeji wenu. Tazameni kucha na visigino vya wazee waliopo. Ulizeni usiku kuna wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na mzee akianguka saa nane za usiku, nani anapiga simu, na gari linatoka wapi. Ulizeni kama anaruhusiwa kutoka, kuswali, kulima bustani, kupokea wageni bila miadi. Katika yale ya kulipia, ombeni orodha ya visivyomo kwenye ada, hasa nepi, dawa, safari za hospitali na ulinzi wa mgonjwa aliyelazwa, na someni mkataba unasema nini ikiwa malipo yatachelewa.

Hatua ya tano: wekeni hesabu mezani

Andikeni gharama za mwezi za kila njia iliyobaki, kisha andikeni ni nani atatoa nini. Upande wa mapato, anzeni na pensheni yake kama alikuwa mwajiriwa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiwango hicho kiliongezwa baadaye. Kenya, kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii, wenye miaka 70 na zaidi walioandikishwa hulipwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara hakuna pensheni ya wazee wote, ila kaya maskini huandikishwa katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na wazee wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo kwa kitambulisho kinachotolewa kupitia halmashauri. Kifuatilieni kitambulisho hicho mahali mzee alipo sasa, kabla ya kumhamisha, kwa sababu ndipo anapojulikana na viongozi wa mtaa.

Msisahau kuihesabu kazi. Mtoto anayeishi na mzee, ambaye mara nyingi ni binti asiye na ajira, hutoa saa ambazo wenzake wa mjini wasingeweza kuzinunua. Ahesabiwe kuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote, alipwe kitu, na apewe mapumziko ya angalau wiki mbili kwa mwaka ambapo ndugu mwingine anakuja kushika zamu. Sisi tulichelewa kulifanya hili, na kikao kimoja cha familia kilikaribia kutuvunja kwa ajili hiyo.

Hatua ya sita: msiguse hati za nyumba yake

Kuhama kwa mzee hakupaswi kufungamana na kuhamisha umiliki. Hati ya nyumba, au hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa Tanzania Bara kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ibaki kwa jina lake. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kama Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 inavyoelekeza. Mkihitaji mtoto mmoja amshughulikie benki na pensheni, mzee asaini hati ya uwakilishi mbele ya wakili akiwa bado anaelewa anachosaini, na hati hiyo itaje mambo hayo tu. Wasia uandikwe mapema pia, na kwa Mwislamu ikumbukwe kwamba wasia hauvuki theluthi ya mali na haumhusu mrithi.

Hatua ya saba: jaribuni kwa mwezi, kisha hamisheni polepole

Makazi mapya yajaribiwe kwa mwezi mmoja huku nyumba ya zamani ikiwa imefungwa tu, na ufunguo wake ukiwa mikononi mwa mzee. Isipangishwe, isiuzwe, na kuku wasichinjwe. Siku ya kuhama iwe ya kiangazi na afike mchana, apate kuyaona mazingira kabla ya giza. Kitanda chake kije naye, na kiwekwe ili choo kiwe upande ule ule uliokuwa zamani. Kama alizoea kushuka kwa kulia, ashuke kwa kulia. Mkeka wake wa kuswalia, redio, kiti cha barazani na sufuria yake ndogo vije pia. Siku tatu za kwanza mtu alale chumba kimoja naye, na siku ya pili apelekwe kutambulishwa kwa majirani, mlango hadi mlango, ili wampe shikamoo na kulijua jina lake.

Mama yetu sasa yuko Muheza tena, vyumba viwili vya kupanga, nyumba ya tatu kutoka kwa dada. Kwenye ukuta, tangu kitandani hadi chooni, tumefunga bomba moja refu bila kukatika popote, na pale mlangoni limepinda kufuata kona.

Mwezi wa tatu ukifika, kaeni naye siku mbili na kuiandika upya karatasi ile ya siku nzima, kisha mlinganishe. Tazameni kama nguo zinamlegea, kama analala mchana kutwa, kama ameacha kuuliza habari za watu. Tazameni hasa maji: mzee anayekataa kunywa chochote baada ya magharibi huwa anajizuia ili asilazimike kuamka. Mkiona hivyo, sogezeni kitanda karibu na choo au leteni ndoo ya usiku siku hiyo hiyo, mngoje wiki mbili, na kama bado hanywi, rudini hatua ya kwanza mkamuulize tena, kwa faragha, anaogopa nini.